Wageni Wangapi? Kupima RAM ya Kompyuta ya Gemu

Mama yangu ni mpishi wa shughuli. Ukisikia kuna harusi hapa Tanga, Ngamiani barabara ya 12, au maulidi Makorora, masufuria yake huwa yameshatangulia kwa mkokoteni tangu jana yake alasiri. Nimekua nikiwasikia wenye shughuli wakimjia mbio na swali moja: "Bi mkubwa, tununue mchele pishi ngapi?" Halijibu. Anauliza yeye kwanza. Watu wangapi? Wanakula mkupuo mmoja au kwa zamu? Na chakula chenyewe ni wali wa nazi au pilau? Akishajibiwa hayo ndipo hutaja pishi, kisha huchagua sufuria. Sufuria likiwa dogo, wali hufurika na kuzima moto. Likiwa kubwa kupita kiasi haliongezi utamu wowote, linakula kuni tu.

Mambo haya ya jikoni yalinirudia mwezi uliopita, mpwa wangu alipokuja barazani kwangu baada ya swala ya alasiri. Kijana amemaliza kidato cha sita, anasubiri chuo, na mwaka mzima amekuwa akifundisha tuisheni ya hesabu kwa watoto wa Mikanjuni huku akiweka akiba ya kununua kompyuta ya gemu. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, na kabla hajakaa vizuri akanionyesha simu yake. Kulikuwa na picha ya mashine inayowaka taa za rangi zote.

"Mjomba, nataka kama hii. RAM GB 64."

Nikamuuliza, "Wageni wangapi?"

Alinitazama kama sijamsikia. Nikamwambia akae, tuagize kahawa, tuongee taratibu, kwa sababu hela yake ni ya jasho na sitaki iishie kwenye kuni.

Mimi ni fundi. Nina chumba kidogo karibu na soko la Mgandini, natengeneza kompyuta za ofisi, za shule, na kwa miaka ya karibuni za vijana wanaocheza gemu. Swali la RAM naulizwa kuliko swali jingine lolote. Wateja wanalipenda kwa kuwa jibu lake ni namba, na namba huonekana kama inaweza kulinganishwa: 16 inaizidi 8, 32 inaizidi 16, basi mwenye 64 amewapita wote. Kwa RAM haiko hivyo. Ikitosha imetosha. Isipotosha, utaijutia kila dakika ya mchezo.

Kwanza tuelewane RAM ni nini, maana hapa mjini tunaita vitu viwili kwa jina moja. Mtu anakuja dukani anasema mashine yake ina "memori 256", naye anazungumzia SSD, yaani stoo ya kuhifadhia mafaili. Stoo na RAM ni vitu mbalimbali. RAM ni jamvi: kila kinachofanyiwa kazi sasa hivi hutolewa stoo na kutandazwa hapo, prosesa, yaani ubongo wa mashine, ikifikie upesi. Gemu ikianza, ramani, sauti, sura za wachezaji na majengo ya mtaa unaopita hutolewa kwenye diski na kuwekwa jamvini. Jamvi likijaa, Windows hukunja baadhi ya vitu na kuvirudisha kwenye diski kwa muda, na vikihitajika tena huvifuata huko huko.

Hapo kwenye kufuata ndipo gemu inapokwama. Fikiri hivi. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kila picha ina takriban milisekunde 16.7 za kuandaliwa, basi. RAM hujibu ndani ya muda usiofika nanosekunde 100 hivi, na milisekunde moja ina nanosekunde milioni moja. Diski ngumu ya kuzunguka hutumia kama milisekunde 10 kutafuta kitu kimoja tu. Ikibidi itafute vitu viwili katikati ya picha moja, muda wa picha hiyo umeshapita, nawe unaona mchezaji ameganda huku mpira umeshaingia wavuni. SSD inapunguza maumivu sana, ila nayo bado iko mbali na RAM. Ndiyo maana mtu anaweza kukuambia gemu yake inatoa wastani wa picha 60, na bado ukiicheza inakukera. Wastani hauonyeshi ile nukta moja iliyoganda.

RAM hii tunayoitumia leo ina baba yake. Robert Dennard, mhandisi wa IBM, alibuni mwaka 1966 namna ya kuhifadhi biti moja kwa transista moja na kapasita moja, na hataza yake ikatolewa mwaka 1968. Miaka miwili baadaye Intel iliuza chipu iliyoitwa 1103, yenye biti 1,024. Leo kipande kimoja cha GB 8 kina vijumba vya aina ile ya Dennard zaidi ya bilioni 68, na bado tabia yao ni ile ile ya mwanzo: kapasita huvuja chaji, kwa hiyo kila safu hujazwa upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64, bila kupumzika. Umeme ukikatika, ujazaji unakoma, na kila kilichokuwa jamvini kinapotea. Sisi wa Tanga hatuhitaji kuambiwa mara mbili maana ya umeme kukatika. Nilimwambia mpwa wangu tangu mapema kwamba sehemu ya akiba yake itanunua UPS, kile kidude cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika, hata ikiwa ndogo. Akakunja uso, ila alikubali.

Turudi kwa wageni. Nilimwambia aniandikie kwenye karatasi gemu anazocheza kweli, aache zile anazoziona kwenye video. Akaandika nne. Gemu ya mpira ya EA, GTA V, Elden Ring, na ya nne ni Microsoft Flight Simulator 2024, kwa sababu ndoto yake ni urubani. Sikucheka, na nisingependa mtu yeyote amcheke. Mtoto anayesimama kutazama ndege zikitua ana haki ya kuota.

Watengenezaji wa gemu huandika kiasi cha chini na kiasi wanachopendekeza. GTA V ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2015 iliomba GB 4 kwa uchache na kupendekeza 8. Toleo lake jipya la mwaka 2025 limeomba 8 na kupendekeza 16. Miaka 10, gemu ile ile, kiasi kimekuwa maradufu. Elden Ring huanzia 12 na kupendekeza 16. Hiyo ya ndege huanzia 16, hupendekeza 32, na kwa anayetaka kila kitu katika ubora wa juu hutaja 64. Hapo ndipo mpwa wangu alipoitoa namba yake. Alikuwa amechukua mgeni mmoja, tena yule wa juu kabisa, akamfanya kipimo cha karamu nzima.

Nikamuuliza tena: hiyo ya ndege utaicheza na kadi gani ya picha, ile inayochora gemu kwenye kioo, na kwa bando gani? Ramani zake nyingi hushushwa kutoka intaneti wakati unaruka. Tulikaa kimya kidogo. Kahawa ilifika, chungu, na kashata za nazi pembeni. Akasema, "Basi mjomba, hiyo tuiweke mbali kwanza." Sikumlazimisha. Alifuta mwenyewe.

Namba hizo za watengenezaji nazo zina upungufu wake. Zinahesabu mashine ambayo kazi yake ni gemu tu. Mpwa wangu hachezi hivyo. Ana Discord ya kuongea na wenzake wa Dar es Salaam na Mombasa, ana Chrome yenye kurasa kumi na kitu, muziki unapiga, na mara nyingine anarekodi mchezo wake ili auweke mtandaoni. Hao wote ni wageni. Wengine wanakuja na watoto.

Kwa hiyo nilimfundisha kupima, na hapa naomba msomaji asipite haraka, maana ni hatua ya bure na ndiyo inayookoa hela. Chukua mashine yoyote unayoicheza sasa, hata ya rafiki. Fungua kila kitu unachokifungua siku ya Ijumaa usiku, siku ya shughuli nzito, usipime asubuhi mashine ikiwa imetulia. Cheza nusu saa hivi. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, tazama kumbukumbu. Kuna namba ya kiasi kinachotumika sasa, na kuna namba ya pili ambayo mimi huiita ahadi: kiasi ambacho programu zote zimeahidiwa na Windows, hata kama zote hazijakitumia. Ahadi ikiwa imeipita RAM yako kwa mbali, huenda kuna vitu vinalala kwenye diski au viko njiani kwenda huko.

Usishtuke ukiona mashine yenye RAM nyingi inatumia nyingi zaidi kuliko mashine ndogo kwa kazi ile ile. Windows haipendi kuacha jamvi tupu. Hutumia nafasi iliyobaki kuweka vitu inavyodhani utavihitaji, na huvitoa mara moja mwenye haki akija. Nimewaona vijana wakisema "GB 16 haitoshi, angalia imejaa" wakati sehemu kubwa ya kilichojaa ni akiba ya namna hiyo, ambayo haimzuii mtu.

Tulipima kwenye kompyuta ya rafiki yake wa Chuda, yenye GB 8. Gemu ya mpira peke yake ilikwenda. Alipofungua Chrome na Discord, ahadi ikapita 11, na kila alipohama kutoka kwenye gemu kwenda kujibu ujumbe na kurudi, kioo kiliganda. Mpwa wangu alikuwa na daftari lake la tuisheni, akaandika: 11. Nilifurahi kuona ameandika mwenyewe. Ilikuwa namba yake sasa, imetoka kwenye maisha yake.

Kuna jambo jingine ambalo nalijua kwa kuumia, na nalieleza kwa urefu kwa sababu hata mafundi wenzangu hulipuuza. Mwaka 2022 nilimjengea mteja mmoja mashine yenye prosesa ya Ryzen 5 5600G. Prosesa hiyo ina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo hakununua kadi ya picha. Nilimwekea RAM GB 16, kipande kimoja, nikiwaza kwamba baadaye akitaka 32 ataongeza kimoja tu na kazi imekwisha. Niliona nimemfanyia busara. Baada ya wiki akanirudia, kwa upole kabisa, akaniambia fundi, mashine ya jirani yangu ina prosesa hii hii na GB 16 hizi hizi, mbona yake inakwenda vizuri kuliko yangu?

Nilikwenda kuitazama ya jirani. Ilikuwa na vipande viwili vya GB 8.

Kila kipande cha DDR4, yaani RAM ya kizazi cha nne cha DDR, cha kasi ya 3200 kinaweza kupitisha data hadi GB 25.6 kwa sekunde. Ukiweka viwili katika sloti, yaani matundu ya kuchomekea, zinazostahili, prosesa huvisoma vyote kwa wakati mmoja kama barabara mbili, na uwezo unakuwa GB 51.2. Mimi nilimpa mteja wangu jamvi lenye ukubwa sawa na la jirani, lakini lenye mlango mmoja. Kwa mashine yenye kadi yake ya picha tofauti ungeweza usione tofauti kubwa katika kila gemu. Kwa mashine inayochora picha kwa kutumia RAM hiyo hiyo, mlango mmoja ni msiba, maana sehemu ya picha haina kumbukumbu nyingine ya kukimbilia. Linganisha na kadi ndogo kama GTX 1650 ya awali, ambayo kumbukumbu yake mwenyewe hupitisha GB 128 kwa sekunde. Tena kumbuka kwamba mashine ya aina hii hukata kipande cha RAM na kukipa sehemu ya picha, kwa hiyo GB 16 zake si 16 kamili.

Nilimrudishia mteja gharama ya kipande kile na kumwekea viwili vya 8. Tangu siku hiyo, kabla sijataja ukubwa, nataja idadi: vipande viwili. GB 16 ni 8 mbili. GB 32 ni 16 mbili. Na kama mazabodi, ule ubao mkuu ambao kila kitu huchomekwa, ina sloti 4, mara nyingi vipande viwili hukaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Soma kitabu cha mazabodi yako, usikisie. Nimekuta mashine zilizokaa miaka mitatu na vipande vyake viko sloti mbili zilizopakana, zote za mlango mmoja, na mwenyewe hajui.

Ukiwa na kipande cha 8 na kingine cha 4, mashine za Intel kwa kawaida zitachukua 4 kutoka kila upande zikazitumia kwa pamoja, na 4 zilizobaki zikafanya kazi peke yake. Inafaa kwa asiye na njia nyingine. Vipande vya kasi tofauti navyo huenda kwa kasi ya yule mzito, kama msafara wa baiskeli za kwenda Pongwe.

Sasa mpwa wangu na hela yake. Mashine mpya ilikuwa nje ya uwezo wake, kwa hiyo tuliamua kuchukua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, zile ndefu zenye prosesa ya Intel i5-8500. Nilichagua kizazi cha 8 kwa makusudi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi hicho. Kizazi cha 6 na cha 7 ni rahisi zaidi sokoni, lakini sikutaka aanze na mashine iliyofungiwa mlango.

Aliposikia mashine hiyo hutumia DDR4 akaniuliza kwa nini tusinunue ya kasi ya 3200, au hata DDR5. DDR5 haiingii. Ina pini 288 sawa na DDR4, lakini kile kijipengo kwenye ukingo kimehamishwa, na umeme wake unasimamiwa kwa namna nyingine. Mazabodi ya DDR4 ni ya DDR4 tu. Na hiyo 3200 ingeingia, ila i5-8500 katika mazabodi ya ofisi huendesha RAM kwa 2666, mwisho wake hapo. Ungelipia kasi ambayo mashine haitaitumia kamwe. Mwenye mazabodi inayoruhusu, yeye ana kazi ya kinyume: aingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, na kuwasha XMP, ruhusa ya RAM kwenda kwa kasi yake iliyoandikwa, maana RAM nyingi za 3200 zikichomekwa tu huanza kwa 2133 au 2400 na kubaki huko hadi uziambie. Nimewasha XMP kwa watu waliodhani mashine zao zina kasi waliyoilipia tangu siku ya kwanza. Unaona mtu anafurahi na kusikitika kwa pamoja.

Mashine ilikuja na kipande kimoja cha GB 8. Basi hesabu ikawa fupi: kiongezwe kimoja, cha 8, cha 2666, tupate 16 kwa milango miwili. Ahadi yake ya Ijumaa usiku ilikuwa 11 na kidogo. Elden Ring inapendekeza 16. Sloti mbili zitabaki wazi kwa ajili ya siku ile ya ndege, akishafika chuoni na mambo yakanyooka. Hela iliyobaki ikaenda kwenye GTX 1650, kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme katika matoleo yake mengi, kwa sababu pawasapulai, vile visanduku vya kugawa umeme ndani, za mashine za ofisi hazina nguvu ya kubeba kadi kubwa. Ilibaki pia ya SSD na ile UPS.

Nilimweleza na hili la kadi, maana alichanganya. Hiyo 1650 ina GB 4 zake yenyewe. Hizo ni za picha, haziongezwi, haziuzwi peke yake, na RAM ya GB 64 isingezifanya ziwe 8. Gemu ikiomba picha nzito kuliko hizo 4, kadi hukopa kwenye RAM ya kawaida kupitia njia nyembamba, na mchezo unaanza kusuasua huku RAM kuu ikiwa nusu tupu. Kijana anaona kukwama, anasema RAM ndogo, ananunua nyingine, na kukwama kuko pale pale. Dawa yake ni kupunguza ubora wa picha za nyuso na kuta kwenye mipangilio ya gemu. Kwa maoni yangu, kwa mtu mwenye bajeti ya wengi wetu, akishafika 16 kila shilingi inayofuata iende kwenye kadi ya picha kabla haijaenda kwenye RAM. 32 nampa anayehariri video, anayerekodi huku anacheza kila siku, au mwenye gemu aliyoipima na ikamwambia hivyo. Anayejenga mashine mpya ya DDR5 leo na ana uwezo, achukue 32 kwa vipande viwili mara moja, kwa sababu kwenye mazabodi nyingi za DDR5 kujaza sloti zote 4 baadaye hushusha kasi.

Kipande tulikitafuta wakati mbaya. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zimepanda dunia nzima. Viwanda vikubwa vya chipu hizi ni vitatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na vyote vimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili mnemba, ambako wateja wananunua kwa wingi na kulipa vizuri. Mwezi Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, jina lake la kuuzia RAM watu wa kawaida. Mtu anaweza kuona habari za viwanda vya Korea na Marekani haziwahusu wa barabara ya 12. Mimi nilipiga simu Kariakoo kuulizia kipande cha mtumba, DDR4, kitu ambacho zamani nilikuwa nakipata kama karanga, na nikabaki nimeshika simu. Nilimuonea uchungu kijana. Hesabu ya mwaka jana ingempa chenji.

Mzigo wa kwanza uliokuja kwa basi ulikuwa DDR3. Stika ilisema DDR4, kipande chenyewe kilikuwa na pini 240. Nilikipokea stendi ya Kange, nikakifungua hapo hapo, na kwa kuwa nilikuwa nimemwambia muuzaji kwa maandishi ninachotaka, alibadilisha. Usilazimishe kipande kisichokubali kuingia. Kijipengo kile kimewekwa ili kikatae.

Cha pili kilikuwa sahihi, lakini mashine ilipowashwa ililia tu, bila picha. Mpwa wangu akatoka nje, akasimama mlangoni amenipa mgongo. Hapa kwetu pwani hewa ina chumvi na unyevu, na vipande vya mtumba vilivyokaa kabatini hupata utando kwenye miguu yake ya dhahabu usiouona kwa macho. Nilizima, nikachomoa waya wa ukutani, nikashika chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini, kisha nikaisugua miguu ile taratibu kwa kifutio cha penseli, nikaipangusa kwa kitambaa kikavu kilichoguswa spiriti kidogo. Nikapuliza sloti. Nikarudisha kipande hadi klipu zote mbili zikasema tak. Picha ikaja. Nikamwita, "Mjomba, njoo uone mwenyewe." Tukaingia BIOS: GB 16, kasi 2666, milango miwili.

Usiku ule tuliiacha na MemTest86 hadi alfajiri. Programu hiyo huandika na kusoma kila kijumba cha RAM, tena na tena, na RAM mbovu hujitaja. Kwa kitu cha mtumba siikosi kamwe. RAM yenye kasoro ndogo haikuambii kitu kwa wiki nzima, halafu siku moja gemu inafungika katikati, faili la chuo linaharibika, na unalaumu kila kitu isipokuwa yenyewe. Kufikia swala ya asubuhi haikuwa na kosa hata moja.

Aliibeba kwenda Mikanjuni nyuma ya bajaji, kaishika mapajani kama mtoto. Dada yangu alinipigia simu jioni kunishukuru, na kuniuliza kama hicho kidude kinachopiga kelele umeme ukikatika ni salama kulala nacho chumba kimoja. Nikamwambia ni UPS, dada, usiogope, ndiyo inayomlinda.

Ijumaa iliyofuata, saa tano usiku, niliona ujumbe wa mpwa wangu. Alikuwa ameniletea picha ya kioo chake: gemu ya mpira imefunguliwa, Discord, Chrome, na kurekodi juu yake. Chini yake ameandika, "Mjomba, inayotumika 10.8. Ahadi 13.2. Haijaganda tangu magharibi. Bibi anasema kesho uje na sufuria lake la kati."